Vanishi ya maji juu ya mawe yaliyochorwa: tathmini baada ya masika mawili

Watoto wa darasa la awali ninaowafundisha jijini Dar es Salaam hujifunza herufi kwa mawe. Yako 24, kwa kuwa alfabeti yetu haina Q wala X na C haisimami bila H, na kila jiwe nimelichora kwa mkono wangu: B ina bata, K ina kobe, T ina twiga ambaye shingo yake imezunguka jiwe hadi upande wa nyuma. Mawe hayo hukaa nje, kwenye ukingo wa bustani ya shule. Watoto huyabeba, huyapanga mchangani, huyaosha kwenye ndoo, na mvua ikianza jioni hakuna anayekumbuka kuyaingiza ndani. Kwa hiyo kinga ya juu, yaani kile kimiminika kisicho na rangi ambacho hupakwa juu ya mchoro ili maji, jua na mikono visiuondoe, ni jambo ninalolichukulia kwa uzito mkubwa. Katika masika ya kwanza nilipoteza karibu michoro yote, na tangu hapo nimejaribu kila aina ya kinga niliyoweza kuipata madukani. Tathmini hii inahusu hasa vanishi ya maji ya akriliki, ile iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje, ambayo ndiyo niliyobaki nayo. Sitataja chapa, kwa sababu nimenunua za viwanda zaidi ya kimoja na nimeona kwamba tofauti kati ya kiwanda na kiwanda ni ndogo ukiilinganisha na tofauti kati ya aina moja ya kinga na nyingine.

Nianze na kilichoharibu mawe ya kwanza, maana najua walimu wengi bado wanakitumia. Nilichukua gundi nyeupe ya mbao, nikaizimua kwa maji, nikapaka juu ya michoro kwa brashi. Ilipokauka ilikuwa safi na yenye mng'ao mzuri, na ndani ya darasa ingedumu miaka. Lakini gundi ya aina hiyo hurudia ulaini wake inapokaa majini. Wiki ya pili ya mvua mawe yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na mtoto aliyeshika jiwe la M alibaki na nusu ya mbuni wa rangi kwenye kiganja, kwa kuwa gundi ilibanduka pamoja na mchoro uliokuwa chini yake. Mtoto alilia akidhani yeye ndiye aliyeharibu. Gundi nyeupe ni nzuri kwa kazi za karatasi na kwa mawe yasiyotoka ndani, na zaidi ya hapo siwezi kuipendekeza. Wapo pia wanaotumia rangi ya kucha isiyo na rangi. Hiyo huyeyusha rangi ya akriliki chini ya brashi na kuuburuta mchoro wote, hata kabla mvua haijafika.

Baada ya hapo nilidhani tatizo lilikuwa gundi peke yake, na hapo nilikosea. Nilinunua vanishi nzuri, nikapaka mawe mapya, na baadhi yake yakabanduka vilevile. Ilinichukua muda kuelewa kwamba utando ule ulikuwa ukisukumwa kutoka ndani. Jiwe lenye vinyweleo hunywa maji, na maji hayo jua linapolipiga jiwe hutafuta njia ya kutoka. Yakikuta utando usiopitisha, huuinua. Mawe yangu yaliyobanduka yote yalikuwa ya matumbawe ya zamani, yaliyobaki kwenye kifusi cha ukuta uliobomolewa, mawe mepesi yenye matundu madogo na yaliyojaa chumvi. Chumvi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu maji yanapokauka hugeuka fuwele chini ya utando, na fuwele hizo huupasua polepole hata wakati wa kiangazi. Mawe ya mtoni, yale ya duara na mazito ambayo wauza maua wa kando ya barabara huyauza kwa ajili ya bustani, hayakunipa shida hiyo. Sasa kila jiwe nalijaribu kwa tone la maji kabla ya kulichora: tone likibaki juu limejikunja, jiwe linafaa kwa nje, likizama mara moja na kuacha doa jeusi, jiwe hilo ni la ndani tu, au libaki lilivyo. Na matumbawe yaliyo ufukweni ni afadhali yaachwe ufukweni. Ndani ya hifadhi za bahari kuyaondoa ni kosa, na hata nje ya hifadhi hayafai kwa kazi hii.

Kukausha nako kuna miiko yake. Naosha mawe kwa sabuni na brashi ngumu, nayasuuza mpaka utelezi uishe, halafu nayaacha juani siku mbili au tatu nikiyageuza. Yaliyotoka karibu na bahari nayaloweka kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi, nikibadilisha maji hayo mara kadhaa, ili chumvi itoke. Mtu asije akayaweka mawe mabichi ya mtoni juu ya jiko ili yakauke haraka: maji yaliyofungwa ndani hugeuka mvuke na jiwe linaweza kupasuka kwa nguvu na kurusha vipande usoni.

Sasa niingie kwenye vanishi yenyewe. Ndani ya kopo vanishi ya maji ni nyeupe, na mtu asiyeizoea hudhani ameuziwa rangi. Inapokauka weupe huo hutoweka na kubaki utando unaoonyesha kila kitu kilicho chini. Haina harufu ya kuumiza kichwa, brashi huoshwa kwa maji na sabuni, na mkono ukichafuka hakuna haja ya thina, kile kiyeyusho kikali cha rangi. Kwa mtu anayefanya kazi hii kwenye varanda huku watoto wanapita, sifa hizo ni kubwa. Kopo halitikiswi, kwa kuwa povu linaloingia hukaukia juu ya jiwe na kuacha vijitundu. Hukorogwa taratibu kwa kijiti, na hasa kama ni ile isiyong'aa ni lazima ikorogwe hadi chini, maana unga unaopunguza mng'ao hutuama na bila kuupandisha utapata jiwe moja linalong'aa na jingine lililofifia kutoka kopo lilelile. Brashi iwe laini na ya nailoni. Nywele za mnyama hunywa maji, huvimba, na huacha michirizi.

Kabla ya kupaka, mchoro uwe umekauka kweli, na rangi ya akriliki hudanganya kwa sababu ikiguswa baada ya nusu saa tu huonekana imekauka. Mimi husubiri siku nzima kwa rangi nyembamba na siku tatu pale nilipoweka nukta nene zilizoinuka, na wakati wa masika naongeza. Halafu napaka tabaka la kwanza, jembamba kiasi kwamba mtu atadhani nimebania, nikivuta brashi upande mmoja bila kurudi nyuma, kwa sababu ukirudia mahali palipoanza kushika utaacha alama ambazo hazifutiki. Baada ya saa mbili hadi nne hufuata la pili, na kwa mawe ya nje la tatu. Mafundi wa rangi wakiniona huniambia niweke koti moja nene nimalize kazi. Nimejaribu. Tabaka nene hukauka juu na kubaki bichi chini, huchuruzika kwenye pembe za jiwe, na pale lilipokusanyika hubaki na ukungu wa kijivu. Matabaka matatu membamba hutumia vanishi ileile na huvumilia zaidi.

Kuhusu upande wa chini wa jiwe, walioandika juu ya kazi hii hawakubaliani, na nami nimebadili mawazo mara mbili. Wapo wanaouacha wazi ili jiwe lipumue. Kwa jiwe linalokaa juu ya udongo mbichi, upande ulio wazi ndio mlango wa maji, na mawe yangu yaliyoachwa hivyo yalianza kubanduka kwenye ukingo wa chini, pale utando unapoishia. Sasa napaka jiwe lote: juu kwanza, naliacha usiku mmoja, kesho yake nalipindua juu ya vifuniko vitatu vya chupa na kupaka chini. Tangu nilipoanza kufanya hivyo, kingo zimetulia.

Jambo ambalo maelezo ya kwenye makopo hulitaja kwa maandishi madogo ni kwamba kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Vanishi ya maji hushikika baada ya saa moja, lakini kufikia ugumu wake kamili huhitaji wiki mbili hadi nne. Katika muda huo mawe yasipangwe yakigusana wala yasiloweshwe. Mimi huyapa watoto baada ya mwezi, na kwa wale ambao bado huweka vitu mdomoni huchagua mawe makubwa kuliko ngumi zao, kwa sababu kopo kusema halina sumu kali hakufanyi jiwe lililopakwa kuwa kitu cha kulambwa.

Vanishi hii ina dosari, na ni haki nizieleze. Ya kwanza ni joto. Utando wa akriliki hulainika kidogo kwenye jua kali, na mwezi wa Januari, kabla ya mvua, mawe niliyoyarundika kwenye kikapu kilichokaa juani yalinatana. Nilipoyatenganisha, kobe alipoteza kipande cha gamba na kipande hicho kikahamia kwenye tumbo la twiga. Sasa nayapanga mojamoja, au naweka karatasi ya kuokea kati yake. Dosari ya pili ni maji yanayokaa. Mvua inayopita haileti shida, lakini jiwe lililoachwa kwenye ndoo usiku kucha hutoka na weupe hafifu. Weupe huo huondoka jiwe likikauka, ila utando huwa umelainika na kucha ya mtoto inaweza kuukwangua. Kwa hiyo haifai kwa mawe ya kwenye bwawa la samaki au beseni la ndege. Dosari ya tatu huwapata wanaochora kwa kalamu za rangi ya maji badala ya brashi: mstari mweusi uliochorwa kwa kalamu hizo unaweza kuamka ukiguswa na brashi yenye vanishi ya maji na kujipaka juu ya rangi nyingine. Mistari ya macho ya bata wangu iliharibika hivyo, na bata akabaki kama anayelia wanja.

Kwa michoro ya kalamu za maji ndipo kopo la kupuliza linapostahili nafasi yake. Kopo la kupuliza la akriliki halimgusi mtu mchoro wake, na tabaka moja jepesi kutoka umbali wa sentimita 25 hadi 30 hufunga wino vizuri. Baada ya hapo unaweza kuendelea kwa brashi. Lakini lina thina ndani yake, na michoro ya kalamu zile za wino usiofutika, zenye harufu ya spiriti, huchuruzika na kutawanyika mara moja, rangi nyeusi ikitoa ukingo wa zambarau. Tena kopo hilo halipendi hewa ya pwani. Nilipuliza asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, wingu likiwa chini na nguo kambani hazikauki, na mawe yote yakageuka meupe mbele ya macho yangu. Sababu yake ni kwamba thina inapoondoka kwa haraka hulipoza jiwe, unyevu wa hewani hutua juu ya utando ambao bado ni mbichi, na hufungiwa humo. Siku nyingine kavu nilipuliza tena kwa wepesi sana, thina ikaulainisha utando na unyevu ukatoka kwenye baadhi ya mawe. Mengine ilibidi niyakwangue kwa msasa na kuanza upya. Ukihesabu jinsi linavyoisha upesi na jinsi upepo unavyochukua sehemu yake, kopo la kupuliza ndilo ghali zaidi kwa kila jiwe.

Vanishi ya mbao, ile ya mafuta ambayo seremala hupaka milango, ndiyo iliyonivutia kuliko zote mwanzoni. Ni ngumu, hustahimili maji, haishikani na jiwe la jirani, na hupatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Ubaya wake uko kwenye rangi yake ya asali. Kwenye mninga rangi hiyo ni pambo, lakini juu ya mchoro mweupe huleta manjano siku ya kwanza, na kadiri miezi inavyopita manjano hayo hukolea, kwa sababu mafuta yaliyomo huendelea kuungana na hewa. Bata mweupe aligeuka rangi ya chai ya maziwa. Anga ya buluu niliyoipaka nyuma ya ndege ilielekea ukijani, jambo ambalo mtoto yeyote aliyewahi kuchanganya buluu na manjano angelitabiri. Vanishi ya mashua ina viungo vya kuzuia jua na huvumilia mengi zaidi, ila nayo ina rangi ileile ya asali. Kwa mchoro wa kahawia, nyekundu na nyeusi ningeitumia bila wasiwasi. Matambara yaliyolowa vanishi hizi yasikunjwe na kutupwa kwenye kona. Yatandazwe nje yakauke, kwa kuwa yakiwa yamefumbatana huweza kupata joto yenyewe hadi kuwaka moto.

Kuna pia klia ya magari, yaani kinga isiyo na rangi ambayo hupuliziwa juu ya rangi ya gari. Fundi mmoja wa gereji ya jirani, kijana ambaye mdogo wake nilimfundisha, alinipulizia mawe matano kwa bunduki yake ya rangi baada ya kuchanganya klia na hadina, kile kimiminika kinachoifanya igande. Nilipotaka kusogea nitazame, alinizuia. "Shikamoo mwalimu, lakini hapo usisimame," alisema, "hii kitu ikiingia kifuani haitoki." Alikuwa sahihi: hadina ya klia hizo ina kemikali zinazoweza kumsababishia mtu pumu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Mawe yale matano bado yanang'aa kama siku ya kwanza, maji huyakimbia, jua halijayagusa. Ninasema hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini ni kazi ya fundi mwenye vifaa, si ya mwalimu kwenye varanda, na jiwe moja kati ya hayo lilijikunja uso kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, kwa sababu nilikuwa nimelichora kwa rangi ya mafuta.

Rangi ya mafuta inastahili neno lake, hasa katika mji huu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya aina hiyo, ile ya kung'arisha baiskeli, na wanaofuata mtindo wake wanaendelea nayo. Rangi hiyo hukauka ikiwa na ugumu na mng'ao wake wenyewe, kwa hiyo jiwe lililochorwa nayo kwa kawaida halihitaji vanishi. Anayetaka kuongeza kinga aache wiki kadhaa zipite, na ajiepushe na kitu chochote chenye thina kali, maana huinyanyua rangi na kuifanya ijikunje kama nilivyoeleza.

Resini ya epoksi, ile ya chupa mbili, nitaipita kwa haraka. Hutoa uso mzito kama kioo ambao hakuna kinga nyingine inayoufikia, na kwa jiwe la kushikilia karatasi mezani ni nzuri sana. Nje hugeuka manjano na kupauka kwa jua isipofunikwa na kitu kingine, vipimo vyake havina msamaha, matone yake hugandisha jiwe kwenye chochote ulicholiweka juu yake, na ngozi ya mtu inaweza kuanza kuikataa ghafla baada ya kuizoea muda mrefu. Glovu ni za lazima.

Mawe ya Kisii ni mlango mwingine kabisa. Jiwe la sabuni linalochongwa katika mji wa Tabaka, huko Kisii nchini Kenya, ni laini na lenye utelezi wa asili, rangi hulishika kwa shida, na wachongaji wenyewe hulisugua kwa msasa wa maji na kumalizia kwa nta. Nimepaka vanishi ya maji juu ya kibakuli kimoja cha huko na ikabanduka kama maganda ya kitunguu. Nta iliwatosha waliolichonga, nami nimeirudisha.

Seti ya herufi ninayoitumia sasa imepita masika mawili ikiwa na vanishi ya maji: matabaka matatu, jiwe lote likiwa limepakwa juu na chini, kazi yote ikiwa imefanywa wakati wa kipupwe, saa nne asubuhi baada ya umande kuondoka. Mawe mengi yapo kamili. Rangi ya waridi ya ua la herufi W imepauka, na hilo naliweka kwenye rangi yenyewe, kwa kuwa waridi na zambarau za bei ndogo hupauka chini ya kinga yoyote niliyoijaribu. Mawe mawili yamekwanguka kwenye kona kwa kuangushwa sakafuni. Kila mwezi wa Julai natia tone la maji juu ya kila jiwe. Lisipojikunja kama zamani, naosha jiwe, nalisugua kidogo kwa msasa mwembamba wa namba 400 mpaka mng'ao ufifie, nafuta vumbi na kuongeza tabaka moja jembamba. Kazi hiyo kwa mawe yote 24 hunichukua asubuhi moja, na kopo la nusu lita nililolifungua mwaka wa kwanza bado halijafika nusu, kwa sharti kwamba kifuniko kifutwe kabla ya kufungwa na kopo lihifadhiwe ndani, mbali na dirisha linalopigwa na jua la jioni.